Tabo ya Vyuma Chakavu Yataka Vipimo

Liko jambo linalofanyika katika magereji ya miji yetu ambalo watumishi wa serikali na walimu hawana budi kulitazama kwa makini. Vijana mafundi hununua tabo iliyong'olewa katika gari lililopata ajali au lililochakaa, huitafutia mabomba, vipande vya chuma na rejeta ndogo ya kupozea hewa kutoka katika magari mengine, kisha huifunga katika injini ambayo haikutoka kiwandani na kitu hicho. Gari likipanda mlima kwa nguvu mpya, watazamaji hushangilia. Injini ikipasuka baada ya wiki mbili, watazamaji wale wale husema kwamba fundi wa uchochoroni hana elimu.

Pande zote mbili zimekosea. Anayeshangilia hajui kilichofanyika, na anayedharau hajui pia. Kazi ya kuunda tabo kwa vyuma chakavu ni elimu ya kweli na yastahili heshima, lakini haiwezi kuitwa ufundi kamili mpaka iwe na vipimo. Na wajibu wa kumfikishia fundi vipimo hivyo ni wetu sisi tulio darasani na ofisini.

Asili ya chombo hiki

Yafaa kwanza tueleze chombo chenyewe. Injini huchoma mafuta kwa msaada wa hewa. Moshi unaotoka kwenye silinda bado una joto na mwendo mkali, na katika gari la kawaida nguvu hiyo hupotea nje kwa njia ya ekzosi. Tabo huizuia nguvu hiyo isipotee bure. Ina magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa kwenye ncha mbili za mhimili mmoja. Moshi husukuma gurudumu la kwanza. Gurudumu la pili huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikizidi, mafuta zaidi huweza kuchomwa, na nguvu huongezeka bila ya kuongeza ukubwa wa injini.

Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, ndiye aliyepata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Lakini wazo halikuwa chombo. Ilipita takriban miaka 20 ya majaribio kabla ya injini za meli kuanza kufanya kazi kwa njia hiyo, katika miaka ya 1920. Mwaka 1918, Mmarekani Sanford Moss alipeleka injini ya ndege yenye tabo kwenye kilele cha Pikes Peak, mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 4,200, akathibitisha kwamba nguvu inayopotea kwa wepesi wa hewa ya juu yaweza kurudishwa. Tukumbuke kwamba Moss alipanda mlimani na vyombo vya kupimia nguvu ya injini, na kwa vyombo hivyo ndipo aliposadikiwa.

Tena tusidhani kwamba viwanda vikubwa havikosei. Mwaka 1962 kampuni ya Oldsmobile ya Marekani ilitoa gari la Jetfire, mojawapo ya magari madogo ya kwanza kuuzwa yakiwa na tabo. Ili injini isigonge kwa joto, gari lilikuwa na chupa ya maji yaliyochanganywa na methanoli, na mwenye gari alitakiwa kuijaza kila ilipopungua. Wengi walisahau. Tabo nyingi ziling'olewa baadaye, na gari lenyewe halikutengenezwa tena baada ya mwaka 1963. Hesabu za wahandisi zilikuwa sawa. Kilichokosekana ni uangalizi wa kila siku. Ikiwa hayo yaliwapata wenye viwanda, fundi wa Gerezani asifanywe kichekesho anapokosea, afundishwe.

Hesabu ya hewa

Wako watakaouliza kama nchi yetu ina haja yoyote na nguvu hizo. Haja ipo, na si ya mashindano ya mbio. Mji wa Mbeya uko yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kadiri ya asilimia 15. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na huipoteza mahali ambapo barabara ina miinuko mingi. Dereva aliyebeba magunia ya viazi kutoka nyanda hizo, au aliyepandisha mzigo kwenye mlima wa Kitonga, haambiwi na mtu habari hizi. Anazijua kwa miguu yake juu ya pedali.

Hata hivyo hewa haidanganyiki. Tuchukue mfano ambao mwalimu yeyote wa fizikia aweza kuuandika ubaoni. Tuseme fundi ameongeza kanieneo la hewa kwa nusu, yaani mara 1.5 ya kanieneo la kawaida. Mwenye gari hudhani kwamba amepata hewa zaidi kwa nusu. La. Hewa ikishindiliwa hupata joto. Hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 30 za sentigredi yaweza kutoka katika tabo ya kawaida ikiwa na nyuzi 85 hivi. Tukizigeuza nyuzi hizo kuwa za Kelvin tunapata 303 na 358. Zidisha 1.5 kwa 303, kisha gawanya kwa 358: jibu ni karibu 1.27. Basi ongezeko la kweli la hewa ni kama robo tu, na juu ya hapo injini imelishwa hewa ya moto inayokaribisha kugonga. Ikiwa hewa itapitishwa kwanza katika rejeta ya kupozea na kushuka hadi nyuzi 45, hesabu hiyo hiyo hutoa 1.43. Rejeta iliyookotwa kwenye lundo la vyuma chakavu imeleta faida kubwa, tena bila ya kuongeza kanieneo hata kidogo.

Fundi asiyejua hesabu hiyo, akiona nguvu haitoshi, huongeza kanieneo. Anayeijua huongeza upozaji. Hapo ndipo injini moja hupona na nyingine hufa.

Oili, moto na breki

Mhimili wa tabo ndogo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nao huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Kwa hiyo kuchagua tabo sokoni ni kazi ya macho na vidole. Mhimili uzunguke kwa wepesi. Ukisukumwa pembeni waweza kucheza kidogo sana, lakini ukivutwa mbele na nyuma usisikike kucheza. Mapanga yaliyokwaruza ukuta wa nyumba yake, au yaliyovunjika ncha, hayafai kwa bei yoyote. Nyumba ya upande wa moshi ikaguliwe nyufa.

Oili hupelekwa kwa bomba jembamba, ambalo mara nyingi huunganishwa pale palipo na swichi ya taa ya oili. Kosa la wengi liko katika njia ya kurudi. Oili hurudi kwenye sampu kwa uzito wake tu. Kwa hiyo bomba la kurudia liwe pana, lishuke moja kwa moja, na liingie juu ya usawa wa oili. Likipinda kama koo la bata, oili hujaa katika tabo, hupenya kwenye moshi, na fundi hulaumu tabo iliyo nzima.

Manifoldi ya ekzosi hutengenezwa kwa kona za bomba la chuma zito. Wako wanaotumia bomba la maji lililopakwa zinki kwa sababu lapatikana kwa urahisi. Hiyo ni hatari kwa mchomeleaji mwenyewe, kwani zinki ikiungua hutoa moshi unaoleta homa na kubana kifua. Tena manifoldi hiyo huweza kuiva hadi kuwa nyekundu. Bomba la petroli, bomba la breki na nyaya za umeme zikipita karibu bila kinga, gari limebeba kiberiti kilichokwisha kuwashwa.

Kisha kuna mlango mdogo wa kupunguzia nguvu, ambao mafundi huuita westigeti. Kanieneo likifika kiwango kilichowekwa, mlango huo hufunguka na kuupitisha moshi wa ziada pembeni. Wapo wanaoufunga kwa waya ili gari liende zaidi. Kufanya hivyo ni sawa na kuziba valvu ya usalama ya boila. Injini ya petroli ikipata hewa nyingi bila mafuta ya kutosha, joto hupanda na pistoni huyeyuka. Injini ya dizeli ikipata mafuta mengi kuliko hewa, hutoa moshi mweusi na joto lake hupanda vile vile. Kwa injini isiyoundwa kwa tabo, kanieneo la ziada libaki dogo, na geji iwekwe mbele ya dereva ili wote walione.

Kubwa kuliko hayo yote ni breki. Nguvu iliyoongezwa kwenye injini haikuongezwa kwenye breki, magurudumu, klachi wala usukani. Gari linaloweza sasa kupanda Kitonga kwa kasi litateremka Kitonga hiyo hiyo kwa breki zile zile za zamani. Abiria aliyeketi kiti cha nyuma hakushauriwa juu ya tabo, wala hakulipwa sehemu ya faida yake. Kwa ajili ya abiria huyo tuna haki ya kuingia katika kazi ya fundi na kumwuliza maswali.

Wajibu wetu

Wengine husema dawa ni kupiga marufuku. Marufuku isiyofuatana na elimu huihamishia kazi ile usiku tu, nyuma ya lango lililofungwa, ambako hakuna wa kusahihisha. Wengine husema tusubiri magari yaliyokamilika kutoka Japani. Magari hayo tunayapokea yakiwa yamekwisha kutumika, nayo yatachakaa mikononi mwetu. Tukiyapokea bila ya kuyaelewa, tutabaki wanunuzi wa milele wa vifaa vya watu. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Kuunda hujifunzwa kwa kuunda, na kijana aliyekwisha kuunganisha tabo kwa mikono yake yuko karibu zaidi na uhandisi kuliko yule aliyekariri jina la chombo hicho bila ya kukigusa.

Basi tufanye nini? Naona mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, walimu wa sayansi na wa ufundi waifanye tabo kuwa somo. Kanuni za gesi, msuguano, upanuzi wa chuma na uhamisho wa joto zote zimo ndani ya chuma kimoja kinachoshikika kwa mkono. Tabo iliyokufa, iliyokatwa katikati na kuwekwa mezani, itafundisha mengi kuliko kurasa kumi za maelezo. Na mwalimu asione haya kumwalika fundi darasani. Mmoja ana kanuni, mwingine ana mikono, na mwanafunzi anahitaji vyote viwili.

Pili, vyuo vyetu vya ufundi stadi viwe na chumba cha vipimo kilicho wazi kwa mafundi wa mitaani. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na sheria ya VETA ikapitishwa mwaka 1994, misingi ipo. Geji ya kanieneo, kipimajoto cha moshi, chombo cha kupimia mchanganyiko wa hewa na mafuta: hivi vyaweza kutumiwa na magereji mengi kwa zamu, kwa ada ndogo.

Tatu, kila gari lililofungwa tabo namna hii liwe na kadi. Iandikwe tabo imetoka katika injini gani, kanieneo limewekwa kiasi gani, breki zilikaguliwa lini, na nani aliyefanya kazi. Mkaguzi wa magari akiisoma kadi hiyo atajua la kutazama. Na gari lisilostahimili vipimo lisiende barabarani, hasa likiwa la abiria.

Kadi hiyo itamlinda fundi pia. Leo mwenye gari humshurutisha aongeze nguvu, humlipa nusu, na injini ikifa humdai kila kitu. Fundi mwenye vipimo vilivyoandikwa aweza kumwambia tajiri wake: hapa ndipo mwisho, injini hii haibebi zaidi. Aweza hata kuikataa kazi. Uwezo wa kukataa kwa sababu zinazoeleweka ndio unaomtenganisha fundi na kibarua.

Vijana hawa hawajatungoja sisi ndipo waanze. Wameanza kwa spana, kwa jicho na kwa sikio, na wamefika mbali kwa vitu hivyo vitatu. Kilichobaki ni kipimo, na kipimo kimo katika vitabu tunavyofundishia na katika ofisi tunazozishikilia. Tukikizuia huko, ajali itakayotokea mlimani haitakuwa ya fundi peke yake.