TUNUNUE KILE CHA KOLANI

Chama chetu cha Kiswahili kinataka kunasa ngano za wazee wa hapa Kalama kwa kishikwambi chake, na mkutanoni mabishano yalikuwa moto: tununue kipaza sauti gani? (Ingawa hiki hakipazi chochote, kinanasa tu.) Wengi wanataka kile kikubwa cha kusimama mezani, eti kama cha redioni. Mimi nasema la, hasha! Tununue kile kidogo cha waya kinachobanwa kolani. Kola ya shati, jamani, si Kola sokoni.

Sababu ni umbali. Msimuliaji aliye mita moja akisogea hadi nusu mita, mahali pa wazi, sauti yake huongezeka kwa desibeli 6 hivi, lakini kelele za pikipiki barabarani hubaki vilevile. Cha kolani hukaa karibu na mdomo hata susu akigeuka kumfukuza kuku. Cha mezani hakimfuati mtu. Mwaka juzi waliotutangulia chamani walitumia kishikwambi kitupu, mvua ikapiga mabati, na ngano ya mzee mmoja ikamezwa yote. Mzee huyo amekwisha kufariki. Katika Karatasi ya Tatu ya KCSE tunaulizwa sifa za ngano, na ngano zenyewe za kwetu zimo vinywani mwa wazee kama yeye.

Cha bluetooth nacho sikitaki. Vingi vimeundwa kwa mazungumzo ya simu, sauti hutoka nyembamba, tena betri huisha ngano ikiwa nusu.

Ila mweka hazina achunguze pini kabla ya kutoa pesa. Pini ya milimita 3.5 yenye mistari mitatu ndiyo ya simu na vishikwambi. Yenye mistari miwili kwa kawaida ni ya kamera: ukiichomeka, kishikwambi kitaendelea kunasa kwa kipaza sauti chake cha ndani, wala hakitakuambia! Kama hakuna tundu la mviringo, aulizie cha USB-C. Ajaribu palepale dukani Machakos: aanze kunasa, akikwaruze kwa kidole, kisha asikilize.

Kina kasoro, sikatai. Leso ikikigusa hukwaruza vibaya, na kwa vitendawili, ambapo kikundi kizima hujibu, cha mezani kingefaa zaidi. Lakini pesa tulizo nazo ni za kimoja tu.

Kura itapigwa mkutano ujao. Susu mmoja huko Muumandu amekwisha kukubali kutusimulia, na mvua za Novemba haziko mbali.

Mwanachama, Kidato cha 3