Elimu Isiyo na Karo

Kila mwaka yatokapo matokeo ya kidato cha sita, nyumba nyingi huingia katika fikira. Kijana amefaulu, lakini karo ya chuo haipatikani. Wazee wengine huuza kiwanja, wengine hukopa, na kijana asiye na cha kuuziwa hukaa barazani akidhani kwamba mlango wa elimu umemfungia. Twapenda kuwaambia vijana hao, na wazee wao, kuwa mlango haukufungwa wote.

Mwaka 2001 chuo kikuu cha MIT cha Marekani, ambacho karo yake ni kubwa mno, kilitangaza kuwa kitayatoa masomo yake kwa watu wote katika intaneti bila ya malipo. Leo masomo hayo yamepita 2,500: ya hesabu, umeme, uchumi na mengineyo. Msomaji haulizwi jina wala cheti, na aweza kuyapakua mahali penye intaneti akayasoma nyumbani. Ambaye hesabu za sekondari zilimshinda na aanze na Khan Academy, ambayo nayo haitozi kitu.

Lakini yafaa tuseme kweli, ili mtu asije akajuta. Elimu ni kitu kimoja, na cheti ni kitu kingine. Masomo hayo ya MIT hayana shahada. Coursera na edX, zilizoanzishwa mwaka 2012, zina vyeti, lakini vyeti hulipiwa. University of the People, cha mwaka 2009, hakitozi karo ya mafundisho, ila hutoza ada ya maombi na ya mitihani. Basi atakaye udaktari au uanasheria hana budi kwenda chuo kinachotambuliwa na serikali. Atakaye kutunza hesabu za duka au kutunga programu za kompyuta, huyo aweza kuanza kazi kwa ujuzi wake.

Hata huyo wa chuo, masomo ya bure yatamfaa. Kabla ya kuuza kiwanja, kijana na alisome somo alitakalo kwa miezi mitatu. Akilimudu, fedha zitatolewa kwa yakini. Likimshinda, kiwanja kingalipo.

Lililo gumu ni subira. Katika wanaojiandikisha masomo ya namna hii, wamalizao hawafiki mmoja katika kumi, na kwetu Kiingereza huzidisha uzito. Dawa yake ni saa moja maalumu kila siku, kama baada ya sala ya Alfajiri, na daftari la kuandikia, na mwenzi mmoja au wawili wa kusoma pamoja. Mzazi naye, kila Ijumaa, na amwulize mwanawe, wa kiume na wa kike, amejifunza nini. Asidhani kuwa kila aliyeshika simu anacheza. Wala kijana asilifanye somo kuwa kisingizio cha mchezo.

Karo imeondoka, iliyobaki ni bidii, nayo haikopeshwi.