Vyuo vya Mlima Kenya na deni la riadha

UONGOZI wa vyuo vikuu vya umma katika eneo la Mlima Kenya unakabiliwa na swali ambalo haliwezi kuendelea kuahirishwa: je, riadha ni sehemu ya kazi ya chuo kikuu, au ni burudani tu ya wanafunzi wanaposubiri mitihani?

Swali hili si la anasa. Linawahusu vijana wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu na Meru wenye kipaji cha kukimbia, ambao wamaliziapo shule ya upili hulazimika kuchagua kati ya miguu na masomo. Anayechagua miguu hujikuta mikono mitupu siku miguu inapochoka.

Eneo hili si geni katika ramani ya riadha duniani. Catherine Ndereba, mzaliwa wa Nyeri, alishinda mbio za Boston Marathon mara nne, katika miaka ya 2000, 2001, 2004 na 2005. Oktoba 2001, jijini Chicago, aliweka rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Alitwaa ubingwa wa dunia jijini Paris mwaka wa 2003 na Osaka mwaka wa 2007, na akanyakua nishani ya fedha katika michezo ya Olimpiki ya Athens 2004 na ya Beijing 2008.

Mzaliwa mwingine wa Nyeri, Charles Kamathi, ndiye aliyekomesha utawala wa Haile Gebrselassie wa Ethiopia katika mbio za mita 10,000 kwenye mashindano ya dunia ya Edmonton mwaka wa 2001. Gebrselassie alikuwa ameshinda taji hilo mara nne mfululizo.

Upande wa pili wa milima ya Nyandarua, mji wa Nyahururu nao una historia yake. Huko ndiko alikotokea John Ngugi, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano na mshindi wa dhahabu ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988. Ndiko pia alikotoka Samuel Wanjiru, Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya marathon katika Olimpiki, aliyekimbia Beijing mwaka wa 2008 kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32.

Jambo la kuzingatia ni njia waliyopitia mabingwa hawa. Ndereba alilelewa na timu ya Idara ya Magereza. Wanjiru alichukuliwa akiwa kijana mdogo mwaka wa 2002, akapelekwa shule ya upili ya Sendai Ikuei nchini Japan, kisha akajiunga na timu ya kampuni ya Toyota Kyushu. Kilichowakuza ni idara ya serikali na kampuni ya kigeni, wala si chuo kikuu cha nyumbani.

Hilo halikuwa kosa la mtu. Ndereba alipoweka rekodi yake mwaka wa 2001, Nyeri haikuwa na chuo kikuu cha umma kilichokamilika. Kulikuwa na Taasisi ya Teknolojia ya Kimathi, iliyoanzishwa katika miaka ya sabini kwa michango ya harambee na kupewa jina la mpigania uhuru Dedan Kimathi.

Hali hiyo ilibadilika kwa kasi. Mwaka wa 2007 taasisi hiyo iligeuzwa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, na Desemba 2012 Rais Mwai Kibaki, ambaye mwenyewe ni mzaliwa wa Othaya, akaikabidhi hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Mwaka wa 2013 Karatina, Chuka, Meru na Laikipia vilipata hati zao. Oktoba 2016 ikawa zamu ya Embu, Kirinyaga na Murang'a.

Kwa maneno mengine, katika muda wa miaka minne hivi, takriban kila mji mkubwa unaouzunguka mlima ulijipatia chuo kikuu chake. Kisingizio kwamba vijana hawana pa kusomea karibu na nyumbani kikawa kimekwisha. Kilichosalia ni kuona viongozi wa vyuo hivyo wangevipeleka wapi.

Kwa haki, viongozi hao wana mengi ya kujivunia. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, ambacho naibu chansela wake wa kwanza alikuwa Profesa Ndirangu Kioni, kilijijengea jina katika uhandisi. Kina taasisi ya mafunzo ya nishati ya mvuke wa ardhini, kinakuza kahawa katika ardhi yake na hata kuiuza kwa jina lake, na kampuni inayotengeneza vijenzi vya elektroniki imepewa nafasi katika uwanja wake. Karatina, chini ya Profesa Mucai Muchiri, ilijikita katika kilimo na maliasili.

Mafanikio haya yanathibitisha jambo moja muhimu. Chuo cha umma hujulikana kwa kile ambacho wakuu wake wameamua kijulikane nacho. Kahawa haikuingia katika mipango ya Dedan Kimathi kwa bahati. Kulikuwa na shamba, kukawa na uamuzi, na uamuzi ukatengewa watu na fedha. Riadha nayo ina shamba lake: mwinuko wa juu, hewa safi, barabara za vumbi za mashamba ya majani-chai, na vijana wanaokimbia tangu utotoni. Lililokosekana ni uamuzi.

Katika vyuo vingi vya umma nchini, michezo huwekwa chini ya ofisi ya mlezi wa wanafunzi, pamoja na malazi, ushauri na vyama vya wanafunzi. Huko hushindania fedha na mambo ambayo mkuu yeyote atayapa kipaumbele, kama vile bweni linalovuja. Haifiki mbele ya seneti, chombo kinachoamua masuala ya masomo, na kwa hivyo ratiba ya mitihani haimtambui mwanafunzi aliyeitwa kuwakilisha taifa ng'ambo.

Lakini itakuwa dhuluma kuwalaumu manaibu chansela bila kutazama mzigo walioubeba. Walipewa vyuo vipya wakati mbaya. Kwa miaka mingi, vyuo vya umma viliishi kwa karo ya wanafunzi waliojilipia. Mwaka wa 2016, baada ya udanganyifu kudhibitiwa, watahiniwa waliopata alama ya C+ na zaidi katika KCSE walikuwa 88,929, takriban nusu ya idadi ya mwaka uliotangulia. Chemchemi hiyo ya fedha ikakauka.

Yaliyofuata yanajulikana. Madeni yalirundikana, mfumo mpya wa ufadhili uliozinduliwa mwaka wa 2023 ukaishia kupingwa mahakamani, na wahadhiri wakagoma mara kwa mara kudai nyongeza ya mishahara waliyoahidiwa. Mgomo wa mwaka wa 2025 ulidumu wiki saba. Mkuu wa chuo anayeamkia barua za wadai hawezi kutarajiwa kuanza siku yake kwa kuuliza habari za mbio za nyika.

Uhusiano kati ya wasimamizi na wanafunzi nao umewahi kuzaa maafa. Februari 2018, kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru aliuawa kwa kupigwa risasi wakati wa maandamano, na naibu chansela wa wakati huo akapelekwa likizo ya lazima. Kisa hicho kiliacha funzo kwamba chuo kisichokuwa na mahali pa kukutana na wanafunzi wake kwa amani hukutana nao barabarani. Michezo haiponyi kila kidonda, ila ni miongoni mwa mahali pachache ambapo msimamizi na mwanafunzi husimama upande mmoja.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakizungumzwi sana. Katiba ya mwaka wa 2010 iliziachia kaunti shughuli na viwanja vya michezo, ilhali vyuo vikuu vikabaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Matokeo ni kwamba kaunti ina uwanja bila wanafunzi, nacho chuo kina wanafunzi bila uwanja wa maana.

Mfano ni uwanja wa Ruring'u mjini Nyeri, ambao ukarabati wake ulikwama kwa miaka mingi huku wanariadha wakitafuta pengine pa kufanyia mazoezi. Kwingineko, viwanja vilipata uhai kwa sababu ya sherehe za kitaifa: Kinoru mjini Meru kwa Madaraka Dei ya 2018, Wang'uru huko Mwea kwa Mashujaa Dei ya 2021, na uwanja wa Moi mjini Embu kwa Madaraka Dei ya 2023. Rais akishaondoka, mtu hujiuliza ni nani anayetumia uwanja huo Jumatatu asubuhi. Jibu la busara lingekuwa chuo kikuu kilicho karibu, kwa mkataba ulioandikwa na pande zote mbili.

Wanaotetea riadha vyuoni hupenda kutoa mfano wa Marekani. Ni kweli kwamba vyuo vya huko vimewafaa Wakenya kwa zaidi ya nusu karne. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Washington State alipovunja rekodi nne za dunia mwaka wa 1978. Mike Boit, mshindi wa nishani ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya 1972, alisomea huko hadi shahada ya uzamifu, akarejea kuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka wa 2024 Doris Lemngole wa chuo cha Alabama alitwaa ubingwa wa mbio za nyika wa vyuo vya nchi hiyo.

Hata hivyo, mfano huo una miiba. Katika vyuo vingi vya Marekani, mchezo wa kandanda ya kwao umemeza uongozi wenyewe, hata kocha akalipwa kuliko rais wa chuo. Mwaka wa 2011 rais wa chuo cha Penn State aliondolewa madarakani kufuatia kashfa ya aliyekuwa msaidizi wa kocha aliyewadhulumu watoto. Chuo kinachogeuza michezo kuwa sanamu hupoteza sauti ya kuikemea.

Nyeri haihitaji kuiga hayo. Riadha ni mchezo wa gharama nafuu ukilinganishwa na mingine. Mkimbiaji wa nyika hahitaji uwanja wa mabilioni. Anahitaji kocha aliyehitimu, chakula, mtaalamu wa kutibu misuli, na ratiba ya masomo inayoweza kukunjwa na kukunjuliwa. Vyuo hivi vinafundisha hata stashahada na vyeti, kwa hivyo kijana ambaye hakufikisha alama ya C+ bado ana mlango wa kuingilia.

Pa kuanzia ni juu. Mabaraza ya vyuo hutia saini mikataba ya utendakazi na serikali, utaratibu ulioanza katika mashirika ya umma mwaka wa 2004. Lisiloandikwa katika mkataba huo ni rahisi kusahauliwa. Iwapo baraza litaandika kwamba chuo kitawapa ufadhili wanariadha kadhaa kila mwaka na kuhakikisha wanahitimu, naibu chansela atalazimika kulitolea hesabu, na seneti italazimika kurekebisha kanuni zake.

Ikumbukwe kwamba neno la maana hapo ni kuhitimu. Samuel Wanjiru aliaga dunia Mei 2011 mjini Nyahururu akiwa na umri wa miaka 24. Alikuwa na kila kitu ambacho miguu inaweza kumletea kijana, na maisha yake ya mwisho yaligubikwa na misukosuko iliyoanikwa hadharani. Hakuna anayeweza kudai kwamba chuo kikuu kingemwokoa. Lakini kijana anayepata utajiri na umaarufu kabla ya kutimiza miaka 25 anahitaji kuzungukwa na watu wasiotafuta fedha zake, na mahali ambapo watu hao wanaweza kupatikana ni katika jumuiya ya wasomi na wenzake wa rika.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Wakimbiaji wa Mlima Kenya wamecheza Boston, Chicago, Osaka na Beijing, wakatunzwa huko. Wananchi waliochanga harambee ili taasisi ya Kimathi isimame walitaka watoto wao wapate elimu nyumbani. Mabaraza ya vyuo hivi yana uwezo wa kuhakikisha kwamba elimu hiyo haimwachi nje mtoto aliyejaliwa pia mbio.