Kuchagua masomo si kuchaguliwa

Kuna kitenzi kimoja cha Kiswahili ambacho kingefaa kubandikwa mbele ya kila mwanafunzi anayejiandaa kuteua masomo ya sekondari. Kitenzi hicho ni 'kuchaguliwa'. Tukisema kwamba msichana fulani amechaguliwa, maana yake ni kuwa watu wamemteua yeye. Tukisema kwamba amechaguliwa masomo, maana yake ni kuwa mtu mwingine ameyateua masomo hayo kwa niaba yake. Umbo ni lile lile, kwa kuwa 'chagua' na 'chagulia' hukutana mahali pamoja zinapotiwa katika kauli ya kutendwa. Sisi wanaisimu hufurahia utata wa namna hiyo. Lakini kwa mtoto wa miaka 15 anayeambiwa kwamba amechagua, ilhali amechaguliwa, utata huo si wa sarufi tena. Ni maisha yake.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu Januari 2026, pale wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipoingia Gredi ya 10. Hao walitakiwa kuamua, wakiwa bado katika Gredi ya 9, kama wangefuata mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, ule ambao wengi wetu tumezoea kuuita STEM, au mkondo wa Sayansi za Jamii, au ule wa Sanaa na Michezo. Kila mmoja wao husoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na Mafunzo ya Huduma kwa Jamii. Kisha huongeza masomo matatu ya kuteuliwa. Hayo matatu ndiyo yanayowakosesha watu usingizi.

Mgawanyo wa wanafunzi wa sanaa na wanafunzi wa sayansi si jambo geni humu nchini. Kabla ya mfumo wa 8-4-4 kuanzishwa mwaka wa 1985, aliyebahatika kufika Kidato cha Tano alijifunga kwa masomo makuu matatu, na tangu hapo akajulikana kama mtu wa sanaa au mtu wa sayansi. Tofauti ni kwamba kijana huyo alikuwa amekwisha kumaliza miaka minne ya sekondari na kufanya mtihani wa kitaifa. Katika 8-4-4 wenyewe, uamuzi ulirudishwa nyuma hadi mwishoni mwa Kidato cha Pili. Sasa umerudishwa nyuma zaidi. Kadiri uamuzi unavyotangulia, ndivyo nafasi ya mtu mzima kuushika mkono wa mtoto na kuandika kwa kalamu yake inavyoongezeka.

Na ni nani hao wanaoshika kalamu? Mzazi hutajwa kwanza, na si bure. Wapo wazazi ambao kwao dunia ina kazi nne tu: udaktari, uhandisi, uanasheria na urubani. Hata hivyo, mimi naona mzazi analaumiwa kupita kiasi. Yeye hukosea kwa mapenzi, na mara nyingi hukubali kusikia akielezwa kwa heshima. Mchaguzi asiyetajwa ni shule yenyewe.

Shule ina jambo lake linaloitwa wastani. Mwalimu mkuu hupimwa kwa wastani huo, idara hupimwa kwa wastani huo, na mwalimu wa somo huitwa ofisini kwa sababu ya wastani huo. Basi mwanafunzi wa Kidato cha Pili aliyepata alama 45 katika Fizikia aliambiwa kwa sauti ya upole kwamba somo hilo si lake, ahamie kwingine ambako angepata 70. Ushauri huo ulikuwa na manufaa kwa shule. Kwake yeye, ambaye labda alitaka kuwa mhandisi wa ujenzi, ushauri huo ulikuwa mlango uliofungwa huku akipongezwa. Fizikia ndilo somo la sayansi linalotupwa na wengi zaidi katika shule zetu, na wanaoongoza kulitupa ni wasichana. Sidhani kwamba wasichana wote hao walikaa wakatafakari wakaona hawaipendi. Wengi waliambiwa.

Kinyume chake nacho kipo. Serikali ilipopanga mtaala huu ilitarajia asilimia 60 ya wanafunzi waelekee mkondo wa STEM, asilimia 25 Sayansi za Jamii, na asilimia 15 Sanaa na Michezo. Nchi kuwa na haja ya mafundi, wauguzi na wataalamu wa kompyuta si kosa. Lakini lengo la nchi si kipaji cha mtoto, na maabara haijengwi kwa asilimia. Kijana anayesukumwa kwenye sayansi katika shule ambayo darubini yake ni moja, tena ina kioo kilichopasuka, hajaingizwa kwenye sayansi. Ameingizwa kwenye jina la sayansi.

Sasa hebu tuangalie jinsi milango hii inavyofunguka na kufungwa, kwa sababu hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea kwa kukosa habari tu. Darasa la mwisho la 8-4-4 ni lile lililoingia Kidato cha Kwanza mwaka wa 2024 na linalotarajiwa kufanya KCSE mwaka wa 2027. Tangu mtihani wa mwaka wa 2023, gredi ya wastani hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Mabadiliko hayo yalipokelewa kwa shangwe, na baadhi ya wanafunzi wakadhani kwamba masomo yaliyosalia hayana uzito tena. Lakini gredi ya wastani hufungua lango la chuo tu. Mlango wa kozi hufunguliwa na masomo manne ambayo kozi hiyo huyataka, pamoja na gredi ya chini inayokubalika katika kila mojawapo. Mtu anaweza kuwa na A- na bado asipate nafasi ya uhandisi, kwa sababu uhandisi huulizia Hisabati, Fizikia na Kemia, na yeye Fizikia aliiaga akiwa Kidato cha Pili.

Upande wa pili wa ukweli huo haujulikani sana. Mwanafunzi anayetaka kusomea udaktari hujua kwamba atahitaji Biolojia na Kemia, na Hisabati au Fizikia. Muulize la nne ni lipi. Wengi hubaki kimya. La nne ni lugha, Kiingereza au Kiswahili, na inatakiwa gredi ya B kama ilivyo kwa Biolojia. Vivyo hivyo uanasheria. Kwa miaka mingi wanafunzi wetu wameaminishwa kwamba wakili huanza kwa Historia na Elimu ya Dini. Hayo ni masomo mazuri, sina neno nayo, lakini lango la shule ya sheria limeandikwa lugha: B ya Kiingereza au Kiswahili. Nimewaona vijana wenye wastani mzuri sana wakirudi nyumbani kwa ajili ya C+ ya lugha, somo ambalo waliliacha lijisomee lenyewe kwa kuwa 'kila mtu huongea'.

Kwa kuwa mimi hufundisha isimu, msomaji atatarajia kwamba sasa nitaanza kukipigia Kiswahili debe. Nitalipiga kidogo, kisha nitasema jambo ambalo huenda wenzangu wa idara za lugha wasilipende.

Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha ya mahakama. Kifungu cha 120 kinazitaja lugha rasmi za Bunge kuwa Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Mwaka wa 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka wa 2022 Umoja wa Afrika ukaikubali lugha hii miongoni mwa lugha zake za kazi. Maneno haya yote yanahitaji watu: wa kutafsiri sheria, wa kukalimani kortini na mikutanoni, wa kunakili mijadala, wa kuandaa kamusi, wa kuandika maelezo ya dawa kwa namna ambayo bibi kijijini atayaelewa. Wanaosema kwamba lugha haina kazi hawajui kazi hizo hufanywa na nani.

Hata hivyo, tusiwadanganye watoto. Wapo walimu waliohitimu vyema, wenye Kiswahili na Elimu ya Dini, au Kiswahili na Historia, ambao wamesubiri ajira kwa miaka na miaka. Hawakukosea kukipenda Kiswahili. Waliwekwa wote katika mstari mmoja, mbele ya mwajiri mmoja. Tume ya Huduma za Walimu humtaka mwalimu wa sekondari awe na C+ katika masomo yake mawili ya kufundishia, na kwa hiyo aliyejifunga mapema kwa jozi ambayo kila mtu anayo huwa amejiweka kwenye foleni ndefu kabla hata hajaingia chuoni.

Ushauri wangu kwa apendaye lugha ni kwamba aitafutie mwenzi asiye wa kawaida. Lugha na kompyuta, kwa mfano. Mitambo ya leo ya kutafsiri na kunakili usemi hukosea ngeli zetu kila siku, na hawezi kuirekebisha mtu ambaye anajua ngeli tu wala mtu ambaye anajua programu tu. Lugha na Biolojia, kwa anayetaka kuwatibu watoto wenye matatizo ya usemi. Lugha na Hisabati, kwa sababu isimu ya siku hizi imejaa takwimu. Kila mwaka hukutana na wanafunzi wa mwaka wa tatu ambao wamegundua kazi hizi zikiwavutia, na ambao hawawezi kuzifuata kwa sababu Hisabati iliwatoka zamani. Ndiyo maana nilifurahi Wizara ya Elimu ilipotangaza, mwaka wa 2025, kwamba Hisabati itabaki kuwa ya lazima kwa mikondo yote, ile ya msingi ikiwekewa wasio katika STEM. Wapo waliolalamika. Mimi nasema afadhali kijana aihangaikie miaka mitatu kuliko aikose miaka 30.

Jambo linalonitia wasiwasi katika mikondo hii mitatu ni ukuta uliomo katika vichwa vya watu. Katika mkondo wa Sayansi za Jamii kuna Fasihi ya Kiswahili, lugha za kiasili, Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu. Katika STEM kuna Kompyuta, Kilimo, Fizikia. Sijasikia mzazi hata mmoja akiuliza kama mtoto wake anaweza kupata kitu kutoka kila upande. Huuliza mkondo upi ni wa 'werevu'. Na walimu nao, samahani kwa kusema, hujibu swali hilo badala ya kulikataa.

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii hutumiwa sana kuwanyamazisha wanafunzi: chukua ulichopewa, ulime. Nafikiri inatumiwa vibaya. Inamkanya yule anayegeuzageuza majembe ili asiende shambani; haimkatazi mkulima kujua kama anakwenda kulima mpunga au kung'oa visiki. Mwanafunzi anayebadilisha masomo kila muhula kwa kumfuata rafiki, huyo methali inamfaa. Anayeuliza somo fulani litampeleka wapi anastahili jibu.

Jibu hilo litatoka kwa nani? Katika shule nyingi mwalimu wa ushauri nasaha ni mwalimu kama wengine, mwenye vipindi vyake vyote, ambaye ofisi yake ni kona ya chumba cha walimu. Hukutana na mwanafunzi pale tu mwanafunzi amevunja sheria. Haiwezekani mtu huyo aeleze masharti ya kozi kwa watoto 200 katika juma moja la kujaza fomu.

Lakini kuna yanayowezekana bila kungoja bajeti. Masharti ya kozi za vyuo vikuu na vyuo vya kadri hutolewa hadharani. Mwalimu anaweza kuchukua kozi 20 au 30, akaandika kwa kila moja masomo inayoyataka na gredi yake, na kuibandika orodha hiyo katika darasa la Gredi ya 8, si ya 9. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwapa wanafunzi insha moja: mwulize mtu mmoja anayefanya kazi unayoitaka ni masomo gani anayoyatumia siku ya Jumatatu asubuhi. Wataandika mambo ya ajabu. Muuguzi atawaambia kuhusu hesabu za dozi, fundi wa umeme atawaambia kuhusu kuandika hati ya makadirio, mtangazaji atawaambia kuhusu historia.

Nawe mwanafunzi, kabla ya kutia sahihi, chukua karatasi na uandike masomo yako matatu. Kando ya kila somo andika jina la aliyelipendekeza. Ukikuta kwamba jina lako halimo hata mara moja, irudishe fomu hiyo kwa adabu, uombe siku mbili zaidi, na umwombe mzazi wako aje shuleni mkae pamoja na mwalimu wako.