Oili ipimwe kwa stiki, si kwa galoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wa gereji za Nachingwea na Ruangwa. Gari ikiletwa kubadilishwa oili, mara nyingi galoni ya lita 4 humiminwa yote, injini iwe inaihitaji au la. Injini ya 1NZ, iliyomo kwenye IST na Probox nyingi tunazopanda huku, huchukua takriban lita 3.7 filta ikibadilishwa, na 3.4 isipobadilishwa. Oili ikizidi sana, krankshafti huichapa mpaka ikatoa povu. Povu halilainishi vyuma, na sili nazo huanza kuvuja. Ikipungua ndiyo balaa zaidi, hasa msimu wa korosho, gari zinaposhindiliwa mizigo kwenye njia za vumbi.

Mafundi wetu, gari isimame tambarare, mwageni oili chakavu ingali na joto, mtie mpya pungufu kidogo. Washeni, zimeni, msubiri dakika 5, kisha mchomoe stiki. Oili ikaribie alama ya juu, isiipite. Nanyi wenye magari, msione haya kuomba kuiona stiki hiyo. Kinachobaki kwenye galoni mmekilipia, ondokeni nacho.

Msomaji wako,
Nachingwea, Lindi