Pamba ya Mwandoya na Miji ya Mbali
Mkulima wa Mwandoya, wilayani Meatu, anapofikisha pamba kwenye mizani ya chama cha ushirika wa wakulima (AMCOS), bei yake imekwishaguswa na miji asiyowahi kuikanyaga. New York ina soko la pamba tangu 1870. Liverpool ina chama cha biashara ya pamba kilichoanza 1841, na kanuni zake hadi leo huongoza mikataba mingi ya pamba duniani. Marobota yetu hupita bandari ya Dar es Salaam kwenda viwanda vya Asia, nasi tunanunua nguo zilizoshonwa huko. Miji mikubwa hunenepa kwa jasho la vijiji. Simiyu, mkoa wetu tangu 2012, inastahili viwanda vyake vya nyuzi na nguo, ili dhahabu nyeupe ijenge na kwetu.