Askofu Nani?

KIJIWE CHA MANENO
Na Rehema Mwakio

Jumapili iliyopita gari kubwa jeusi lilisimama kwenye geti la jumba moja hapa Westlands. Mimi nilikuwa nyuma yake kwa miguu, nikingoja zamu yangu ya kuandikwa kitabuni. Soja akauliza jina. Dereva akashusha kioo nusu: "Ni Askofu."

"Askofu nani?"

Swali hilo nimetembea nalo wiki nzima. Neno tulilipata kwa Waarabu, usquf, na chimbuko lake ni Ugiriki: episkopos. Epi ni juu ya. Skopos ni mtazamaji. Halikuzaliwa kanisani. Katika karne ya 5 KK, Waathene waliwatuma watu wenye cheo hicho kwenye miji waliyoitawala, wakakague mambo. Kanjo, kwa lugha yetu ya mtaani. Paulo naye alipowaaga wazee wa Efeso, kwenye Matendo 20, aliwaita hivyo hivyo, na Biblia ya Union ikaandika "waangalizi". Kwenye barua kwa Timotheo, Biblia iyo hiyo imeandika "askofu". Kigiriki chake ni neno moja.

Linalonichekesha mimi ni safari yenyewe. Ile epi, yaani juu, ililiwa njiani. Kilichotufikia ni mtazamaji mtupu, aliyewekewa irabu mbele ili ulimi upite. Nairobi tumemrudishia juu yake, tena na riba. Tazama mabango kando ya Waiyaki Way: Askofu Mkuu, Daktari, Mtume na Nabii, wote mtu mmoja mwenye suti inayong'aa. Kwa Waanglikana, Wakatoliki na Waorthodoksi wa kule Riruta, askofu huwekwa wakfu na maaskofu wenzake. Wa mabango wengine, sijui waliwekwa na nani zaidi ya mchapaji. Simnyimi mtu jina, ila aliyejiita mwangalizi aniambie anaangalia nini, maana waumini wake nawaona stejini wakinyeshewa.

Pale getini jibu halikuja. Soja aliandika nambari ya gari, kwenye nafasi ya jina akaweka "Askofu", basi. Kisha akachukua kile kioo chenye mpini mrefu tulichokizoea tangu shambulio la Westgate, 2013, akainama, akalizunguka gari polepole akitazama chini yake.